Sumu ya Vikuge: Msaada Uliokataa Kuondoka

Ukitaja historia ya Mkoa wa Pwani, akili ya mtu inakimbilia Bagamoyo moja kwa moja. Misafara ya pembe za ndovu, biashara ya watumwa, wamisionari, magofu ya Kaole, Wajerumani walioufanya mji ule makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Sawa kabisa, na watalii wanalipa kuja kuyaona hayo. Lakini historia yote hiyo kwa sehemu kubwa ni ya vitu na watu waliotolewa bara, wakapitishwa pwani, wakapelekwa mbali. Leo, ndugu msomaji, nataka tuongelee kitu kilichokuja kwa njia ya kinyume. Kilitoka Ulaya, kikaingia mkoani Pwani, kikafika shambani, na kikakataa kuondoka.

Mahali penyewe panaitwa Vikuge. Pako wilayani Kibaha, unaiacha Barabara ya Morogoro na kuingia ndani. Kuna shamba la serikali pale, ambalo wafugaji wamelijua kwa miaka mingi kwa mbegu za malisho na marobota ya majani makavu ya ng'ombe. Hakuna kibao cha kumbukumbu, hakuna mtembeza watalii. Ila kwa wanakemia wa mazingira Vikuge ni jina linalojulikana hadi Uppsala.

Kisa kinaanza mwaka 1986. Serikali ya Ugiriki iliipa Tanzania msaada wa viuatilifu, yaani madawa ya kuulia wadudu na magugu, takriban tani 170, na shehena hiyo ikapelekwa Vikuge. Sehemu ya madawa hayo tayari ilikuwa imepitwa na muda wake wa matumizi. Hebu isome tena sentensi hiyo. Mzigo ulikuwa umeanza kuchakaa kabla ya kazi kuanza.

Ili tusihukumu haraka, turudi kwanza kwenye hali ya nchi wakati ule. Waliokuwa watu wazima mwaka 1986 wanakumbuka: uchumi ulikuwa taabani, fedha za kigeni hakuna, maduka matupu, foleni za sukari na sabuni. Mwalimu Nyerere alikuwa ameng'atuka urais mwaka mmoja nyuma, na serikali ya Rais Mwinyi ndiyo kwanza ilikuwa inakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nchi iliyo katika hali ile haina ujasiri wa kukagua msaada kwa kurunzi. Ukiletewa unapokea, unashukuru, halafu ndipo unafikiria utautumia vipi. Wahenga walishatuonya kwamba rahisi ghali, lakini mwenye njaa haulizi bei ya chakula cha bure.

Upande wa pili nako kulikuwa na mambo yake. DDT, dawa iliyokuwa sehemu kubwa ya tatizo la Vikuge, ilikuwa imeshapoteza heshima katika nchi tajiri. Ndiyo iliyompa Paul Müller wa Uswisi Tuzo ya Nobel mwaka 1948, maana iliua mbu na chawa kuliko kitu chochote kilichojulikana kabla yake. Mwaka 1962 mwanabiolojia wa Marekani, Rachel Carson, akaandika kitabu kilichoonyesha jinsi dawa hizi zinavyohama kutoka kwa mdudu kwenda kwa ndege na samaki. Marekani ikazuia DDT mashambani mwaka 1972. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha amri yake ya kuzuia viuatilifu vya aina hiyo mwishoni mwa mwaka 1978, na Ugiriki ikajiunga na Jumuiya hiyo mwaka 1981. Sisemi kwamba kuna mtu alikaa mezani akaamua kututupia takataka. Nasema tu kwamba kitu kilichokuwa kinafungiwa milango kule kilipata mlango wazi huku, na mlango huo uliandikwa "msaada".

Sasa, mzigo ukafika. Ukawekwa kwenye banda. Madawa ya namna hii yanataka ghala lenye sakafu isiyopitisha maji, paa zima, ukuta wa kuzuia kilichomwagika kisitoke, mlango wenye kufuli na mtu anayejua kusoma lebo. Banda la Vikuge halikuwa hivyo, na mwisho wa siku likaanguka. Unga na vimiminika vikabaki vimetapakaa ardhini, mvua za masika na vuli zikivinyeshea mwaka hadi mwaka.

Hapa ngoja niseme jambo moja kuhusu lugha yetu. Kiswahili kinaita vitu hivi "dawa". Dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya kupulizia pamba. Neno ni lile lile analolitumia mama akimpeleka mtoto hospitali. Anayesikia kuna "dawa" zimemwagika shambani hashtuki kama ambavyo angeshtuka akisikia kuna sumu imemwagika. Anaweza kuchota kidogo akaweke kwenye mahindi yasibunguliwe, au akachukua dumu tupu akaliosha na kulitekea maji. Wataalamu wa kilimo wamelisema tatizo hili la vyombo vya dawa kutumika majumbani kwa miaka mingi, na ni tatizo la nchi nzima. Vita na sumu inabidi ianzie kwenye jina.

Mwaka huo huo wa 1986 kulitokea jambo jingine ambalo nataka tuliweke kando ya Vikuge, maana ukiviweka pamoja ndipo unapoona picha. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, ghala la kampuni ya Sandoz lililokuwa Schweizerhalle, karibu na mji wa Basel nchini Uswisi, lilishika moto. Ndani kulikuwa na zaidi ya tani elfu moja za kemikali, nyingi zikiwa za kilimo. Zimamoto walifanya kazi yao, wakamwaga maji kwa wingi, na moto ukazimika. Lakini yale maji yaliyozima moto yalibeba tani za sumu na kuzishusha mto Rhine. Mto ukageuka mwekundu kwa sababu ya rangi iliyokuwemo ndani ya ghala. Mikunga na samaki wengine walikufa kwa maelfu, mamia ya kilomita kuelekea chini.

Pale ndipo dunia ilipojifunza somo ambalo kila zimamoto anatakiwa kulijua: kwenye moto wa kemikali, kuzima moto ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza maji yameelekea wapi.

Tazama kilichofuata. Rhine inapita Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi. Watu walioko chini ya mto walikuwa na serikali zenye nguvu, magazeti, vyama vya mazingira na kura. Walipiga kelele. Mwaka 1987 nchi za bonde lile zilipitisha mpango wa pamoja wa kuusafisha mto, wakajiwekea lengo ambalo hata mtoto anaweza kulielewa: ifikapo mwaka 2000 samaki aina ya salmoni awe amerudi. Na kweli wakaanza kurudi.

Vikuge haikuwa na moto wa kuonyesha kwenye televisheni. Haikuwa na mto mwekundu. DDT ni unga mweupe, haina haraka, haiui ng'ombe wako leo ukaenda kulalamika polisi. Na walioko chini ya mteremko wa Vikuge hawakuwa Waholanzi. Walikuwa wanakijiji wenye visima.

Usafi wenyewe ulifanyika, tusikatae. Mabaki ya madawa yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Kwa mtu anayepita, kazi ilikwisha: banda hakuna, mifuko haipo, majani yameota. Lakini wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walikwenda kuchukua sampuli za udongo na maji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Ambio, na kichwa chenyewe cha makala kilisema wazi kwamba uchafuzi ulibaki kuwa mkubwa hata baada ya usafi.

Walipata nini? Udongo wa juu, mahali pabaya zaidi, ulikuwa na DDT na jamaa zake kwa kiwango cha hadi asilimia 28. Kundi jingine linaloitwa HCH, ambamo ndimo inamotoka dawa ya lindeni, lilifika asilimia 6. Tuiweke asilimia hiyo kwenye mizani ya sokoni. Ukichota kilo moja ya udongo ule, gramu 280 ni DDT na jamaa zake. Zaidi ya robo ya kilo. Mkataba wa Basel, kwa kipimo chake, unahesabu taka kuwa na sumu hizi kwa kiwango kidogo pale zinapokuwa chini ya miligramu 50 kwa kilo. Vikuge ilikuwa na miligramu 280,000. Piga hesabu mwenyewe, ni mara 5,600. Watafiti wale hawakuzunguka: walisema udongo wenyewe sasa ni taka hatarishi. Kwa maneno mengine, waliosafisha waliondoa mzigo na kuacha mzigo mwingine, kwa sababu ule wa pili ulikuwa na sura ya udongo.

Walichimba pia kwenda chini. Sumu ilikutwa katika kina chote walichopima, hadi sentimita 50. Kwenye maji, baadhi ya sampuli zilikuwa na viuatilifu vya familia hiyo hadi mikrogramu 30 kwa lita. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo inaonekana si kitu. Lakini Umoja wa Ulaya unataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 0.5 kwa lita kwa viuatilifu vyote kwa pamoja. Thelathini ni mara 60 ya hapo. Na haikuwa DDT peke yake. Walikuta pia aldrini, heptaklori, klordeni na dawa kadhaa za kuua magugu. Mchanganyiko wa stoo nzima ulikuwa ardhini.

Kwa nini DDT haiishi? Kwa sababu ndivyo ilivyoumbwa. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo mvua haiisombi ikaisha, inang'ang'ania udongo. Ikivunjika inageuka kuwa ndugu yake anayeitwa DDE, ambaye naye ni mgumu vile vile. Inapenda mafuta. Ikiingia kwenye majani, ng'ombe akala, inakaa kwenye mafuta ya ng'ombe na kutokea kwenye maziwa. Ikiingia kwa binadamu, inafanya hivyo hivyo, maziwa ya mama yakiwemo. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka DDT katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu, na lindeni ikawekwa kwenye kundi la vile ambavyo uhakika wake umeshathibitika.

Halafu kuna jambo ambalo mimi kama mpenzi wa historia linanivutia na kunitisha kwa pamoja. Wanakemia wanaweza kulinganisha kiasi cha DDT na kiasi cha DDE kwenye sampuli, wakakadiria sumu hiyo ni mpya au ni ya zamani. Yaani udongo ule ni nyaraka. Mwanahistoria wa Bagamoyo anakwenda kusoma barua za Wajerumani kwenye masanduku. Wa Vikuge angechota udongo tu, na udongo ungemsimulia ni nini kililetwa na kimekaa muda gani. Faili za ofisini zinapotea. Faili hii haipotei, na hapo ndipo shida ilipo.

Wala hadithi haikuishia 2004. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia udongo wa maeneo ya Tanzania yaliyokuwa maghala ya namna hii, kati ya miaka 5 na 14 baada ya kusafishwa, na mabaki yalikuwa bado yapo. Mwaka 2015 ikatoka taarifa ya uchunguzi wa maji ya mvua yaliyokingwa Kibaha. Ndiyo, maji ya mvua. Nayo yalikuwa na mabaki ya viuatilifu hivi, kwa sababu sehemu ya sumu hupanda hewani kwa joto, kisha hushuka na mvua. Sumu ya zamani inapanda juu na kutunyeshea upya.

Mtu atauliza, sasa si wangechoma moto tu yaishe? Hapana. Sumu za familia hii ukizichoma kwa moto wa kuni au wa tairi zinatoa dayoksini, ambayo ni mbaya kuliko ulichokuwa unakikimbia. Zinahitaji tanuri maalumu lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,100, na matanuri ya namna hiyo kwa miaka mingi yamekuwa Ulaya. Kwa hiyo njia iliyozoeleka Afrika ni kuajiri watu wenye mavazi ya kujikinga, kupakia upya kwenye mapipa yaliyoidhinishwa, kusafirisha hadi bandarini na kuurudisha mzigo Ulaya ukachomwe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limewahi kukadiria gharama kuwa dola 3,000 hadi 4,000 kwa tani. Mzigo wa tani 170 ungekula dola nusu milioni na zaidi. Na hapo ni madawa yakiwa ndani ya mifuko. Yakishamwagika, unahesabu na udongo. Maji yakimwagika hayazoleki, na sumu ikimwagika inazoleka kwa bei ya kukufilisi.

Dunia ilishituka, tena kwa mpangilio wenye kejeli ndani yake. Mwaka 1985, mmoja kabla ya msaada wa Vikuge, FAO walishapitisha kanuni za maadili ya usambazaji wa viuatilifu. Hazikuwa sheria, zilikuwa ushauri. Mwaka 1988 ikagundulika kwamba taka za sumu kutoka Italia zilikuwa zimerundikwa katika mji mdogo wa Koko nchini Nigeria, na Afrika ikachemka. Mwaka 1989 ukapitishwa mkataba wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatarishi, na mji uliokutanisha wajumbe ulikuwa Basel, jirani na lile ghala lililoungua. Nchi za Afrika zikaona hautoshi, zikatunga wa kwao, Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991. Mwaka 2001 ukaja Mkataba wa Stockholm kuhusu sumu zisizooza, na Tanzania ikauridhia mwaka 2004. Mwaka huo huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo ndani yake imo kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Mwaka 2005 ukazinduliwa mpango wa kuondoa viuatilifu chakavu barani Afrika, ambapo makadirio yalikuwa tani 50,000, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi saba za mwanzo.

Lakini hebu itumie kanuni hiyo kwa Vikuge. Mchafuzi ni nani? Aliyetoa? Atasema nilisaidia. Aliyepokea? Atasema nilipewa. Aliyejenga banda? Aliyelinda? Mvua? Kila mmoja ana sehemu ndogo, na sehemu ndogo ndogo hazijumlishwi na hakimu yeyote. Msaada una tabia hiyo. Biashara ina ankara, ina muuzaji na mnunuzi, ukidhulumiwa unashitaki. Zawadi haina ankara. Ndiyo maana mwisho wa siku aliyelipa kwa kisima chake ni mtu ambaye hakuomba wala hakusaini chochote.

Nisingependa msomaji amalize hapa akidhani hii ni hadithi ya kale ya shamba moja. Simama Kibaha jioni yoyote utazame Barabara ya Morogoro. Malori yanapita usiku na mchana kutoka bandarini: salfa ya migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, sayanaidi ya migodi ya dhahabu, tindikali, mbolea, madawa ya kilimo. Siku moja moja lori linapinduka au linawaka. Na sisi tunajua barabara hii inaweza kutufanya nini. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mafuta huua papo hapo, na taifa zima linalia. Lori la kemikali linaweza kuungua bila kuua mtu, magari yakaruhusiwa kupita baada ya saa chache, na habari ikaisha kwa sentensi moja: eneo limesafishwa.

Ni hiyo sentensi ambayo Vikuge inatufundisha kuitilia shaka. Limesafishwa na nani? Udongo umechimbwa hadi kina gani, na umepelekwa wapi? Maji ya kuzimia moto yameingia mtaro upi? Nani alipima baada ya kusafisha, na atarudi kupima lini? Tuna Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, tuna ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tuna NEMC. Vipo. Waandishi wa habari wanachotakiwa ni kuyauliza maswali hayo manne siku ile ile, na kuyauliza tena mwaka unaofuata wakati hakuna kamera.

Maana tofauti ya Rhine na Vikuge haikuwa ukubwa wa sumu. Ilikuwa ni nani anaishi chini ya mteremko, na ana sauti kiasi gani. Rhine walihesabu salmoni ili wajue kama wamefanikiwa. Sisi tuna visima. Tukivihesabu, na kupima maji yake, na kubandika majibu ukutani pale ofisi ya kijiji ili kila anayeteka maji ayasome, tutakuwa tumeanza kusafisha kweli.

Tutafakari, wadau.